Vitambaa Ulivyoviacha na Sindano Ndani

Baba Kerubo wangu,

Nimekuharibia kuku. Ndiyo, yule kuku wako wa uzi wa kahawia uliyemwacha na vifaranga vinne na hana mkia. Nilihangaika naye mwezi mzima katikati ya baridi, jioni nikitoka kazini, na mkia wenyewe umetoka kombo kama ufagio uliokaliwa. Najua ungemtazama, ukakohoa kidogo, ukasema, "Si mbaya, Mama Kerubo." Hilo ndilo lilikuwa jibu lako kwa kila kitu, hata kwa ugali ulioungua. Mimi ningekuwa wewe ningecheka mpaka majirani wafungue madirisha. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na ndiyo iliyonikalisha hapa mezani leo Jumamosi kukuandikia, wakati theluji ya mwisho inayeyuka na maji yanadondoka kutoka paani.

Vitambaa vyako nilivipata kwenye lile sanduku la plastiki lililoandikwa "Krismasi", kule chumba cha chini, theluji ya kwanza ilipoanguka nami nikawa natafuta buti. Vilikuwa vinne, kila kimoja kimekunjwa vizuri, sindano imechomekwa palepale ulipoishia na uzi bado umo. Kuku. Nyumba ya mama yako kule Nyamira, ina mlango na haina paa. Kitambaa cha sita cha kochi, kimefika nusu. Na kile cha Kerubo, ambacho maua yamezunguka kingo zote nne na katikati hamna kitu. Niliketi kwenye ngazi na buti moja mguuni. Nikajiambia: nitavimaliza vyote, nimpelekee Kerubo, na mwanangu atarudi nyumbani. Ndilo nililolitaka siku ile na ndilo ninalolitaka mpaka sasa. Kerubo hajakanyaga nyumba hii ya Blaine tangu wiki ile tuliyorudi kutoka kukuzika.

Ngoja niende hatua kwa hatua, maana wewe mwalimu hukupenda mtu anayeruka hatua.

Unakumbuka ulivyoanza? Mtu amefundisha hesabu miaka kumi na minne, wanafunzi wanasimama akiingia darasani, halafu anafika Minnesota anapewa glavu na kuonyeshwa wazee wa kuogesha. Hukulalamika. Niliyelalamika ni mimi, kwa niaba yako, na kwa sauti. Pale kwenye kituo cha wazee cha Roseville ukampata Bi. Arlene, yule kikongwe aliyekuwa akifuma kando ya dirisha hata mikono ilipoanza kumtetemeka. Siku moja alikuomba umhesabie vitundu vya kitambaa kwa sababu macho yalimpotea njiani. Ukahesabu. Jioni ukaingia hapa hata koti hujavua.

"Mama Kerubo, hii kitu ni hesabu tupu! Ni grafu! Kila mshono ni kamsalaba kadogo, na kila kamsalaba kana mahali pake!"

Nikakuambia, "Kula, chakula kinapoa."

Wiki iliyofuata ukaja na kitambaa chako mwenyewe, kile kigumu chenye vitundu, na duara la mbao la kukikaza, na nyuzi za kila rangi. Hukununua michoro ya watu. Ulichora mwenyewe kwenye karatasi za miraba, na rula, na penseli iliyochongwa. Kerubo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikaa miguuni pako kila Jumamosi mchana akikusomea kutoka kwenye karatasi: nyekundu kumi na mbili, kijani tatu, ruka mbili. Ndio wakati pekee alioongea Kiswahili bila kulazimishwa, kwa sababu ulimwambia sindano yako haisikii Kizungu. Mlicheka nyinyi wawili! Nami nikipita na kapu la nguo nilikuwa navuta pazia.

"Mbona unatunyima mwanga?" uliniuliza.

Nikasema jua linafifisha makochi. Jua gani, jamani, Januari, Minnesota? Niliogopa mtu wa kwetu apite na gari amwone mume wangu ameshika sindano.

Na wewe unajua kwa nini, maana kwetu mwanamke huolewa na vitambaa vyake. Mgeni akiingia nyumbani hamtazami mwenye nyumba kwanza, anatazama makochi. Kochi tupu ni mama mvivu, hakuna mjadala. Mimi nilikaa na makochi matupu miaka sita. Shuleni mwalimu wa mapishi na ushonaji alinichapa vidole mpaka nikaichukia sindano, na hapa mtu akitoka zamu mbili mfululizo anatafuta kitanda, hatafuti uzi. Basi ukanivisha makochi wewe. Vitambaa vitano vya rangi ya krimu, waridi jekundu katikati, majani yameshikana pembeni kama watoto wanaocheza duara. Nilivipenda, Baba Kerubo. Usiku ule ulipotandika cha tano nilikipapasa ukiwa unaoga. Sikukuambia. Sijui kwa nini ilinigharimu kiasi hicho kusema neno dogo namna hiyo.

Halafu ikafika zamu yetu ya kuwakaribisha kina mama wa kanisa.

Sihitaji kukukumbusha Mama Obed. Mwenyekiti wao, sauti kama kengele, mwanamke ambaye kwake hata microwave imevaa kitambaa. Aliingia, hakuketi. Akaenda moja kwa moja kwenye kochi kubwa, akashika ncha ya kitambaa kwa vidole viwili.

"Mama Kerubo! Kumbe! Nani kakufumia hivi?"

Nilikuwa na nafasi, nayo ilikuwa pana kama mlango wa gereji. Wewe ulikuwa umesimama penye mlango wa jikoni na thamosi ya chai. Ningesema, ni huyo hapo. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Nimefuma mwenyewe."

"Na hizo shift zote?"

"Mtu akitaka nafasi huipata."

Wakaimba sifa zangu. Nami, Mungu anisamehe, sikuishia hapo. Nikaanza kuwaeleza jinsi ninavyohesabu vitundu. Nikatumia maneno yako yaleyale, kwamba ni hesabu tupu, ni grafu. Wakashangaa.

Kerubo alikuwa ameketi pembeni na simu yake, miaka kumi na sita. Akainua kichwa akasema, kwa Kizungu chake, kwamba hivyo vitambaa alivifuma Baba. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anajivunia babake, basi. Alitabasamu akisema.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi mbele ya wanawake kumi na mmoja. Nilicheka. Nikasema, "Babake yupi? Huyu ambaye hata kifungo cha shati namshonea mimi? Kwani mimi nimeolewa na mwanamke?" Wakacheka mpaka Mama Obed akajifuta machozi. Nilipoona Kerubo bado anafungua mdomo nikamgeukia: "Na wewe koma uongo mbele ya wageni. Mtoto muongo huyu! Sijui tabia hii kaitoa wapi."

Yeye akakutazama wewe. Hilo ndilo nisilolisahau. Hakulia, hakubishana, alikugeukia tu, kama mtu anayemtazama shahidi wake. Na wote wakakugeukia. Ulikuwa unammiminia Mama Obed chai. Ulimimina mpaka kikombe kikajaa sawasawa, hukumwaga hata tone, ukasema, "Mama Kerubo ana mikono." Ukaendelea na kikombe cha pili.

Kerubo akapanda ngazi kwenda chumbani kwake. Sijui baadaye ulimwambia nini. Pengine hukumwambia kitu. Sikuwahi kuuliza, maana ningeuliza ningejibiwa.

Tangu siku ile sindano haikutembea tena nyumba hii. Duara la mbao likaondoka dirishani, sanduku la nyuzi likaondoka, na Jumamosi ukawa unatazama mpira na sauti chini. Unajua nilihisi nini? Nilifurahi. Nilifungua pazia, nikasema moyoni, afadhali, yameisha bila kelele. Mwezi uleule vitambaa vikaanza kutoweka kwenye makochi kimoja kimoja. Ukasema unavipeleka kuvifua kazini, huko mashine ni nzuri. Kila kimoja kilirudi kisafi, kimepigwa pasi. Nikasema basi, amepoa.

Tukaishi hivyo miaka mitatu. Tulikula pamoja, tulisali pamoja, tulikwenda harusi za watu tukapigwa picha. Hukunijibu vibaya hata siku moja. Uliniambia asante, na tafadhali, na umeamkaje. Nilizaliwa nyumba ya watu wanaorushiana sufuria na kesho yake wanacheka. Adabu yako ilinichosha kuliko matusi. Mara nyingine nilikuchokoza makusudi ili nipate hata neno moja la hasira, wewe ukakohoa na kwenda kutoa takataka.

Halafu Februari ile. Ulitoka asubuhi kuondoa theluji mbele ya gereji ili nipate kutoa gari. Mimi nilikuwa ndani natafuta funguo, nimechelewa, na nikafungua mlango kidogo nikapiga kelele, "Fanya haraka, unanichelewesha!" Hilo ndilo neno la mwisho ulilolisikia kwangu. Nilipotoka ulikuwa umeketi umeegemea gurudumu la gari, koleo mapajani, nikadhani umekaa kupumzika. Nikaanza kukugombeza. Baba Kerubo, nilikugombeza ukiwa umekufa. Ni jirani wa ng'ambo aliyekuja mbio akaninyamazisha.

Kabla hatujasafiri nawe kwenda nyumbani, watu walikusanyika ukumbi wa kanisa kukuaga. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama na makoti yao. Mama Obed akapewa maikrofoni. Akasema marehemu alikuwa na bahati ya mke mwenye mikono, na nani hapa hajaona vile vitambaa? Watu wakasema amina. Kerubo alikuwa ameketi kando yangu, mkono wake ndani ya mkono wangu. Akanigeukia, akangoja. Nilijua anangoja nini. Nikainama nikaanza kurekebisha kitambaa changu cha kichwa kwa ule mkono mwingine, na nikausikia mkono wake ukitoka kwenye wangu, kidole kimoja kimoja. Kule Nyamira, Kerubo alisimama ng'ambo ya kaburi, mbali nami. Tuliporudi alifunga mabegi mawili akahamia Eden Prairie, ndiko alikopata kazi. Nikimwandikia ujumbe ananijibu "ok". Nilimwandikia kurasa nzima siku ya kuzaliwa kwake, akajibu "ok, thanks".

Mchuma janga hula na wa kwao. Janga nililichuma mimi, na mtoto ndiye aliyelishwa.

Sasa nikwambie nilivyogundua. Baada ya kurudi, nilivua vitambaa kwenye makochi nivifue mimi mwenyewe, mara ya kwanza tangu uvitandike. Kwenye ile pembe inayoning'inia nyuma, asipoona mtu, kulikuwa na herufi za uzi wa kahawia hafifu: MAMA KERUBO. Nikakigeuza cha pili, MAMA KERUBO. Vyote vitano. Herufi zimenyooka kama za kwenye ubao wako. Nikafikiri, huyu mtu alikuwa ananicheka. Halafu nikafikiri, huyu mtu alikuwa ananipenda. Halafu sikujua nifikiri nini, nikachukua gari nikaenda Roseville.

Bi. Arlene sasa hawezi kushika kikombe, anakunywa kwa mrija, lakini akili yake ni wembe. Alikutaja kwa jina lako, Zablon, kwa ule ulimi wake mzito, nami nikakumbuka kuwa una jina. Aliniambia ulivipeleka kimoja kimoja, ukimaliza zamu unavuta kiti kando yake, mwezi mzima. Alikuuliza, mbona jina la mkeo na kazi ni yako? Ukamwambia kwenu wanawake hugeuza kitambaa kutafuta jina la aliyefuma. Siku wakigeuza wasilione, watamwaibisha.

Nikamuuliza, "Alikuwa na hasira?"

Akasema siku zote ulikuwa unaimba ukifuma, kwa sauti ndogo, nyimbo ambazo hakuelewa neno hata moja. Mwezi ule hukuimba.

Nilikaa kwenye gari pale nje mpaka vioo vikafunga ukungu. Watu husema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Sikutaka pole ya mtu. Nilitaka uniambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba nilikukosea. Ungesema mara moja tu ningepiga magoti, naapa. Lakini na mimi nilikuwa na mdomo, tena mkubwa, na sikuutumia.

Basi nikaamua kusema kweli mbele za watu. Mwaka wako ulipotimia, wiki tatu zilizopita, kina mama walewale wakaja kusali. Makochi yaleyale, vitambaa vilevile. Sala ilipokwisha, kabla ya chai, nikasimama. Nikasema, "Kuna jambo. Vitambaa hivi si kazi yangu. Alivifuma Baba Kerubo. Siku ile niliwadanganya, na nikamwita mwanangu muongo, naye ndiye aliyesema kweli."

Nikadhani sasa itanijia, ile aibu niliyoikimbia miaka yote, na nilikuwa tayari, nilikuwa hata naingoja. Badala yake Mama Obed akainuka akanikumbatia.

"Pole, mama, pole. Huzuni ni kitu kibaya. Inamfanya mtu atake kumpa marehemu kila kitu."

"Si huzuni. Ni kweli."

"Kaa chini, mama."

"Mama Obed, nakwambia alifuma yeye! Aliketi pale dirishani!"

Akaenda kwenye kochi kubwa, akageuza ile pembe ya nyuma. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa. "Mama Kerubo. Hili ni jina la nani?" Kitambaa kikapita mkono kwa mkono. Mwingine akasema kwa upole kabisa, "Mwanamume wa Kikisii na sindano, kweli? Hapana, dada." Na wakacheka kidogo, cheko la huruma. Nikasema Kerubo anajua, muulizeni Kerubo. Wakatazama huku na huku.

"Kwani Kerubo yuko wapi?"

Nikaenda kuleta chai.

Ulinifungia kila mlango, Baba Kerubo. Ulitaka nisiaibike, na kweli siaibiki. Nikisema kweli jina langu linanikana. Nilikukasirikia siku hizo, nikukasirikie wewe uliye kaburini! Nilitembea nyumba nzima nikikufokea. Nilikuita mjinga, nikakuita mwoga. Nikasema mwanamume gani anavumilia tusi halafu analishonea pindo? Kisha nikachoka nikaketi kwenye kochi, juu ya mawaridi yako.

Nikasema basi, nitafanya kwa mkono kilichoshindikana kwa mdomo. Nikakichukua kile kitambaa cha sita. Karatasi yako ya miraba ilikuwa imekunjwa ndani, nikafuata hesabu. Wiki mbili. Niliomba kupunguziwa zamu, nikajichoma vidole, nikahesabu na kuhesabu upya. Waridi likatokea. Pembeni sikuweka jina langu. Niliweka ZABLON, kwa uzi mwekundu, mbele kabisa ambapo kila mtu ataliona. Jumapili iliyopita nikakifunga kwenye mfuko, nikaendesha gari mpaka Eden Prairie bila kupiga simu kwanza, maana ningepiga ningeambiwa yuko busy.

Alifungua mlango nusu. Amekonda. Nywele amekata, amefanana na wewe kiasi kwamba nilisahau salamu niliyoiandaa. Nikampa mfuko. Alikitoa kitambaa, akakiinua kwenye taa ya korido, akapitisha kidole juu yake polepole kama kipofu anayesoma. Kikafika katikati kikasimama.

"Hapa ndipo Baba alipoachia," akasema.

"Umejuaje?"

"Misalaba yake yote inalalia upande mmoja. Yako inakwenda huku na kule." Alisema kwa Kiswahili, taratibu, ili nisije nikasema sikuelewa. Kisha akaliona jina. "Sasa umeandika jina lake kwenye kazi yako."

Sikuwa nimelifikiria hivyo. Naapa sikuwa nimelifikiria.

"Yeye aliandika lako kwenye kazi yake," akaendelea. "Nililiona, Mama. Niliyaona yote matano. Nilimuuliza, akaniambia niache. Wewe na Baba kila mtu anamdanganyia mwenzake, na mimi ndiye muongo."

Nikasema, "Hukudanganya. Ulisema kweli siku ile. Mimi ndiye niliyedanganya." Miaka minne, Baba Kerubo, na maneno yenyewe yalichukua muda mfupi kuliko kufungua zipu ya koti.

"Umewaambia wao?"

"Nimewaambia. Hawakuamini."

Hapo akacheka, kicheko kifupi, kikavu, ambacho sikujua mtoto wangu anacho. "Sasa unajua inavyokuwa," akasema.

Sikujitetea. Wewe ungeshangaa. Nilisimama pale korido na buti zangu zikidondosha maji kwenye zulia la watu. Nilipoona anataka kufunga nikamwambia haraka kwamba kuna kingine, chake yeye, babake alikianza, maua yamezunguka kingo zote na katikati patupu. Mlango ukasimama. Akauliza, "Changu?" Na kwa lile neno moja nikamwona tena yule mtoto wa miaka kumi na mitatu miguuni pako.

"Chako. Sijui alitaka kuandika nini katikati. Nimetafuta karatasi yake, haipo. Naweza kukumalizia, naweza kuweka jina lako na…"

"Usikimalize." Akanirudishia kile cha sita mkononi. "Toa jina. Toa na mishono yako. Kile changu niletee kilivyo. Usitie sindano."

"Nikilete lini?"

"Jumapili." Akafunga mlango, si kwa kishindo.

Basi leo nimeshinda nafumua. Kufumua ni kazi kuliko kufuma, hakuna aliyeniambia. Nimetoa Z, nimetoa A, nimetoa zote, nikatoa waridi langu mshono kwa mshono mpaka nikafika pale ulipoishia, nikachomeka sindano yako palepale. Vitundu vilivyopitiwa mara mbili vimepanuka, nimevipiga pasi na bado vinaonekana. Kerubo ataviona. Nyumba ya mama yako nitaiacha bila paa. Kuku nitabaki naye, na mkia wake wa aibu, huyo sasa ni wangu. Vile vitano viko kwenye makochi na jina langu nyuma, na kina mama watakuja tena mwezi ujao. Nitawaambia tena. Hawatanisadiki, na nitawaambia tena.

Sikuombi unisamehe, maana najua ungesema si mbaya, Mama Kerubo, na sitaki kulisikia. Nataka tu ujue kuwa nilivipenda vile vitambaa kutoka siku ya kwanza. Nakuacha upumzike sasa, mume wangu, Mwalimu Zablon. Kesho baada ya ibada nakwenda Eden Prairie, na sijui kama mlango utafunguka nusu au wote, au nitaacha mfuko chini nirudi.

Kitambaa chake kiko hapa mbele yangu mezani. Mara mbili leo nimeshika sindano, nikataka kutia hata herufi moja katikati, ndogo tu, ajue kwamba mamake naye alimfikiria. Mara mbili nimeirudisha. Ni vigumu, Baba Kerubo, ni vigumu sana kukaa na kitu moyoni na usiseme. Wewe uliwezaje, miaka mitatu?

Mimi mkeo,
Mama Kerubo